Santuri Mpya na Wasikilizaji Wake: Sura Iliyosahauliwa ya Historia ya Uhakiki wa Kiswahili

Utangulizi

Wataalamu wengi wanapoieleza historia ya uhakiki wa fasihi ya Kiswahili huianzia vyuoni, katika makala na vitabu vilivyoandikwa baada ya uhuru. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kabla ya hapo palikuwapo uhakiki mwingine, uliofanywa na watu ambao hawakujiita wahakiki. Hao ni wapenzi wa muziki waliongojea santuri mpya, wakaisikiliza mara nyingi, kisha wakabishana barazani juu ya maneno yake. Dai letu ni hili: santuri ilimpa msikilizaji wa kawaida kitu ambacho zamani alikuwa nacho mwenye muswada peke yake, yaani matini inayoweza kurudiwa neno kwa neno.

Kutoka jumbani hadi barazani

Taarabu ya Unguja ililelewa kwanza katika jumba la Sultani. Inajulikana kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka wa 1870 hadi 1888, alimpeleka Muhammad Ibrahim Misri kujifunza muziki, na kwamba chama cha Ikhwani Safaa kiliasisiwa mwaka wa 1905. Lakini lugha ya nyimbo hizo ilikuwa Kiarabu. Wengi walifurahia sauti na ala, wachache tu walifuata maneno. Pasipo kufahamu maneno, mjadala juu ya maana hauwezi kuwapo.

Hali hiyo ilibadilika kwa Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyeishi Ng'ambo na kuimba kwa Kiswahili. Mwezi wa Machi mwaka wa 1928 yeye na wenzake walikwenda Bombay kurekodiwa na kampuni ya His Master's Voice. Kati ya mwaka huo na 1930 kundi lake lilirekodi nyimbo zaidi ya mia mbili, na santuri hizo zikauzwa kwa makumi ya maelfu. Shaaban Robert, katika wasifu wa Siti uliotolewa mwaka wa 1958, alimwona kuwa mtu aliyestahili kuandikiwa kitabu kizima. Jambo hilo peke yake latosha kuonyesha cheo alichofikia binti wa mkulima.

Tabia ya santuri na tabia ya msikilizaji

Yafaa tukumbuke jinsi santuri ya wakati ule ilivyokuwa. Ilikuwa sahani nzito yenye kuvunjika upesi, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja haukuchukua zaidi ya dakika tatu na kitu. Kinanda kilitiwa ufunguo kwa mkono, na sindano ya chuma ilibidi ibadilishwe mara kwa mara. Wimbo ambao kwenye hafla ungeimbwa mpaka watu watosheke ulilazimika kufupishwa, au kukatwa katikati na kumaliziwa upande wa pili.

Kutokana na hali hizo tunaweza kufahamu maana ya kungojea. Waimbaji walikwisha kwenda na kurudi, lakini sauti zao zilikuwa bado zinasafiri: ilibidi sahani zitengenezwe kiwandani, zipakiwe merikebuni, zifike bandarini na kutawanywa madukani. Mtu wa Ng'ambo aliyekwisha kumsikia Siti usiku nyumbani kwake hakungojea kuujua wimbo. Alingojea kujua beti zipi zimesalimika na zipi zimeachwa. Mtu wa Lamu au wa Tanga, kwa upande wake, alikuwa akingojea habari za mji asiokuwamo.

Tena, si kila mtu alikuwa na kinanda. Santuri ilisikilizwa mkahawani na barazani, na hivyo ilisikilizwa na wengi pamoja. Sindano ikirudishwa mwanzo, neno lile lile hurudi kwa sauti ile ile. Katika ngoma, mtu akibisha kwamba mwimbaji hakusema hivyo, hana ushahidi. Mbele ya santuri ushahidi upo. Hapo ndipo mabishano ya kawaida yalipogeuka kuwa uchambuzi.

Maswali ya barazani

Wasikilizaji hao waliuliza nini? Swali la kwanza lilikuwa: nani kasemwa? Nyimbo nyingi za Siti zilitokana na mambo yaliyotendeka mjini, na majina yalifichwa au yalidokezwa. Wahenga walisema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Kuligangua fumbo ilikuwa heshima ya msikilizaji, na kushindwa kuligangua kulimweka kando. Swali la pili lilihusu maneno yenyewe: neno hili lina maana ngapi, na kwa nini limechaguliwa hili na si jingine? Swali la tatu lilikuwa la hukumu: je, mwimbaji amesema kweli, na je, ilifaa kusemwa hadharani?

Mfano mwema ni wimbo wa Kijiti. Wimbo huo wahusu mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Mtuhumiwa alikimbilia bara, na walioishia kufungwa ni wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi. Aliyesikia maneno matupu alisikia habari ya mauaji. Aliyekuwa mwenyeji alisikia zaidi ya hayo, yaani lawama juu ya mahakama za kikoloni zilizowaadhibu wanyonge na kumwacha mkosaji. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka wa 2001, aliweza kuifafanua lawama hiyo kwa sababu aliwahoji wazee waliokumbuka jinsi wimbo ulivyopokewa.

Mombasa na Dar es Salaam

Desturi hii haikukoma kwa kufa kwa Siti mwaka wa 1950. Mombasa, Ahmad Nassir, ambaye diwani yake Malenga wa Mvita ilitolewa mwaka wa 1971, alimtungia nyimbo binamu yake Mohamed Khamis Juma Bhalo. Hapa swali jipya liliongezeka: katika wimbo huu, sifa ni ya malenga au ya mwimbaji? Wajuzi wa Mombasa walipima vina na mizani kwa sikio, wakatambua mkono wa mtunzi kabla ya kuambiwa jina lake. Kaseti zilipoenea katika miaka ya 1970, uimbaji wa arusini ulirekodiwa papo hapo na nakala zikauzwa madukani. Waliohudhuria arusi wakawa ndio wafasiri wa kwanza kwa wale waliongojea kaseti.

Dar es Salaam mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, na nyimbo za bendi zilirekodiwa katika studio ya Radio Tanzania. Wapenzi wa Mlimani Park, iliyoundwa mwaka wa 1978, na wa wapinzani wao Juwata, waliusikia wimbo mpya kwanza dansini, kisha wakangojea redio iwathibitishie. Chombo kilikuwa tofauti, lakini hoja ya wapenzi ilikuwa ile ile: nani ametunga vizuri zaidi, na maneno haya yamewalenga kina nani?

Hitimisho

Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka wa 1840, yana mafumbo mengi juu ya Mombasa ya enzi zake. Tunayaelewa kwa kiasi tunachoyaelewa kwa kuwa Mwalimu Sikujua wa Mombasa alimkusanyia na kumfafanulia W. E. Taylor mashairi hayo kabla wajuzi wake hawajaisha. Beti bila Mwalimu Sikujua zingalikuwa maneno mazuri yasiyo na mji.

Nyimbo za santuri zimo katika hatari hiyo. Maneno ya baadhi yake yamehifadhiwa, kama katika kitabu cha Waimbaji wa Juzi cha mwaka wa 1966, na sahani zenyewe zinatafutwa na kutunzwa na wakusanyaji. Mazungumzo ya barazani hayakuandikwa. Siku hizi mpenzi wa muziki akitoa maoni juu ya albamu mpya katika intaneti, huacha maandishi nyuma yake. Mzee aliyewasikia baba zake wakibishana juu ya Kijiti anayo kumbukumbu tu, na kumbukumbu hufa na mwenyewe.

Kwa hiyo idara zetu zina kazi mbili. Ya kwanza ni kuwapeleka wanafunzi kwa wazee wa Unguja, Mombasa, Lamu na Tanga, wakiwa na nyimbo hizo mkononi, ili wazisikilize pamoja na kuandika kila fumbo linaloganguliwa pamoja na jina la aliyeligangua. Ya pili ni kuyaingiza majibu hayo katika mafunzo ya uhakiki. Anayefundisha fasihi ya Kiswahili asidhani kwamba hoja ya maana ilianza siku alipoingia darasani. Ilikwisha kujadiliwa mkahawani, sindano ikirudishwa mwanzo.