Gari dogo lililokataa kunenepa

Magari yakitoka upya huwa yanaongezeka mwili, hilo kila mtu kashaliona. Mazda MX-5, gari la viti viwili linalofunguka juu, lilianza 1989 na injini ya lita 1.6 na uzito wa karibu kilo 950. Watu wakalipenda kinoma! Kufika toleo la tatu, 2005, lilishavuka kilo 1,000 na injini ya lita 2.0 juu.

Toleo la nne likawakuta wahandisi njia panda. Sheria za moshi Ulaya zimebana, wenzao wanakimbilia injini ndogo zenye turbo. Wao wakagoma. Turbo inakuja na mabomba yake na kipoza hewa chake, na vyote hivyo ni kilo. Wakapunguza gramu kwa gramu: boneti alumini, mfuniko wa buti alumini. Mwaka 2015 lile jepesi la Japani, lita 1.5, likasimama kwenye kilo 990. Kule Ulaya injini hiyo ilipimwa gramu 139 za kaboni dayoksaidi kwa kilomita. Ya lita 2.0, gramu 161.

Farasi 131 mbona chache? Chache kweli, ila hazina mzigo mkubwa wa kuvuta.

Mwaka uliofuata Fiat wakatumia chesisi ile ile kwa 124 Spider, wakafunga turbo ya lita 1.4. Likatoka zito zaidi.