Wilson Sossion: Kutoka Mgomo wa Walimu hadi Bungeni

Mwaka 2013, mwana wa Bomet, Wilson Sossion, alitwaa ukatibu mkuu wa KNUT, chama cha walimu wa Kenya kilichoundwa mwaka 1957.

Jina lake lilivuma mwaka 2015. Mahakama ilikuwa imewapa walimu nyongeza ya mishahara ya asilimia 50 hadi 60, serikali ikasema haina pesa. Septemba walimu waligoma na masomo yakakwama kwa wiki kadhaa. Novemba, Mahakama ya Rufaa ilifuta nyongeza hiyo. Hata hivyo, shinikizo halikupotea bure: Oktoba 2016 vyama vya walimu vilitia saini mkataba wa Sh54 bilioni na mwajiri wao, TSC.

Mwaka 2017 chama cha ODM kilimteua Sossion mbunge maalum. Katiba, katika kifungu cha 97, inatenga nafasi 12 za makundi maalum, wafanyakazi wakiwemo. Lakini Bomet kwao na jirani yake Kericho zilikuwa ngome za Jubilee, mpinzani wa ODM, na TSC ikashikilia kuwa hawezi kuwa mbunge na kiongozi wa walimu kwa wakati mmoja. Yeye akang'ang'ania vyeo vyote viwili, huku akipinga mtaala mpya na uhamisho wa walimu.

Hapo ndipo mshika mbili moja ilipomponyoka. Vita vyake na TSC viliyumbisha makato ya kila mwezi ya mishahara ya walimu yanayoendesha chama. KNUT, iliyokuwa na wanachama zaidi ya 180,000 mwaka 2019, ikabaki na chini ya 30,000. Juni 2021 Sossion alijiuzulu mkesha wa uchaguzi wa chama, na Collins Oyuu akamrithi. Mwaka uliofuata alisaka tiketi ya chama cha UDA kuwania useneta wa Bomet, akabwagwa na Hillary Sigei katika mchujo.

Sossion hakuwa kiongozi wa kwanza wa wafanyakazi kuingia siasa. Tom Mboya naye aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957 akiwa katibu mkuu wa shirikisho la wafanyakazi, KFL, ila yeye alipigiwa kura na wakazi wa Nairobi. Sossion alipewa kiti na chama cha kisiasa, na gharama yake wakalipa walimu. Kiongozi wa wafanyakazi anayetaka siasa na aende, lakini kwanza awaachie wanachama ofisi yao.