Kuandika kidogo-kidogo: somo toka kaye za Yangambi

Watu wengi wanafikiri kuandika ni kazi ya wenye kipaji au ya walimu. Huko Yangambi, karibu kilometa 100 magharibi mwa Kisangani, kuna mfano unaoonyesha njia nyingine: kuandika maneno machache, juu ya kitu kile kile, bila kuacha.

Miaka 20 ya kuangalia miti

Kituo cha utafiti wa kilimo cha Yangambi, ambacho leo ni cha INERA, kilikuwa chini ya INEAC, shirika lililoundwa mwaka 1933 wakati wa ukoloni wa Wabelgiji. Kati ya 1937 na 1958, watu wa kituo walikuwa wanapita porini kila juma kuangalia miti zaidi ya 2000. Kwa kila mti waliandika: umetoa maua? Umezaa? Umepukutisha majani?

Ukisoma ukurasa mmoja tu, hauoni kitu kikubwa. Ni alama tu. Lakini juma kwa juma, mwaka kwa mwaka, alama zile zilionyesha majira ya pori. Miaka mingi baadaye, watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali walisaidia kuziingiza kwenye kompyuta, katika mradi ulioitwa Jungle Rhythms. Leo wanasayansi wanazitumia kufahamu jinsi pori la Congo linavyofuata mvua na ukame.

Kaye zile zinaishia 1958. Mwaka ambao haukuandikwa, hakuna mtu anayeweza kurudi kuuandika.

Furaha inatoka wapi?

Mwanzoni kuandika kunachosha, sababu siku zinafanana. Furaha inakuja pale jicho linapoanza kuzoea. Mwenye kuandika kila jioni juu ya mto anaanza kuona rangi ya maji, mitumbwi inayopita, bei ya samaki inavyopanda maji yakijaa. Mambo yalikuwepo siku zote. Yeye ndiye hakuwa anayaona. Na mwaka wa pili, akifungua ukurasa wa tarehe ile ile ya mwaka uliopita, anakuta kitu cha kulinganisha. Hapo hadithi, shairi au barua inapata pa kuanzia.

Kisangani yenyewe ina mfano mwingine. Patrice Lumumba, alipokuwa karani wa posta katika mji huu ulioitwa bado Stanleyville, alikuwa anaandika makala za magazeti pembeni ya kazi yake. Hakungoja kwanza apate kazi ya uandishi.

Namna ya kuanza

– Kuchagua kitu kimoja kilicho karibu: mti wa lopango, soko, mvua, maneno ya bibi.
– Kuchagua saa moja, kwa mfano kabla ya giza, na kuandika mistari mitatu tu. Siku ya uchovu, mstari mmoja unatosha.
– Kuweka tarehe kila mara. Bila tarehe, hakuna kulinganisha.
– Kuandika katika luga inayokuja yenyewe: Kiswahili, Lingala, Kilokele, Kiturumbu. Jina la mti au la samaki lisipotafsirika, liachwe vile linavyoitwa nyumbani.
– Kama siku zimerukwa, kuendelea na ya leo. Kubuni zile zilizopita kunaharibu kaye nzima.

Kutunza karatasi

Huku kwetu unyevu na mchwa ndio adui wa karatasi. Kaye iwekwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, juu, mbali na ukuta na udongo. Kalamu ya risasi haiyeyuki ikiloa, tofauti na wino mwingi. Mwenye simu anaweza kupiga picha ya kurasa kila mwisho wa mwezi.

Wazee wanaojua majina ya miti na majira ya viwavi wangali wapo vijijini. Kijana anayekaa nao jioni moja kwa juma, kaye mkononi, hatakosa cha kuandika. Nao wazee watafurahi kuulizwa.