Hadhira Haiokotwi Njiani

Watu wa rika letu hupenda kuamini kwamba shida ya kutafuta wasomaji ilizaliwa pamoja na simu. Ati zamani msanii alikaa chini, akatunga, akachapishwa, akasomwa, basi. Ni sisi tu tuliolaaniwa kuhesabu macho: leo watu kumi na wawili, kesho tisa, keshokutwa kimya kabisa. Ukiwa mchoraji, mshairi au mwandishi wa hadithi Nairobi leo, unajua hesabu hiyo inavyokula usingizi. Unajua pia swali linaloifuata: niendelee na kile ninachotaka kukisema, ama niwape wanachobonyeza?

Lakini swali hilo ni kuukuu. Lina umri mkubwa kuliko umeme wa Kenya. Tukilifuata nyuma, tutalikuta Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 19, katika kinywa cha Muyaka bin Haji.

Muyaka alizaliwa karibu mwaka 1776 na kufariki mwaka 1840. Enzi hizo ushairi ulioheshimiwa pwani ulikuwa zaidi ule mrefu wa dini na mawaidha, ulioandikwa kwa hati za Kiarabu na kusomwa na wajuzi. Mtu wa kawaida aliusikia, akaitikia, akaondoka. Muyaka hakuukataa ushairi huo, ila aliuchukua mshororo na kwenda nao mahali pengine. Alitunga mashairi mafupi ya beti za mistari minne kuhusu siasa za mji, mapenzi, umaskini, ugomvi wa nyumbani, ubabe wa majirani. Msomi M. H. Abdulaziz, aliyeandika kitabu kizima juu yake mwaka 1979, alieleza kwamba Muyaka aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni.

Hebu fikiria sokoni maana yake nini. Sokoni hakuna anayelazimika kukusikiliza. Mwenye samaki anataka kuuza samaki. Mwenye deni anakwepa mdai wake. Ukitaka watu hao wasimame, lazima useme jambo linalowahusu, tena kwa namna ambayo watairudia wakifika nyumbani. Muyaka alikuwa na bahati moja: mji wake ulikuwa motoni. Mombasa chini ya Mazrui ilikuwa inazozana na Lamu na baadaye na Sayyid Said wa Oman. Baada ya vita vya Shela, karibu mwaka 1812, majibizano ya mashairi kati ya Mombasa na Lamu yalikuwa sehemu ya vita vyenyewe. Muyaka alirusha, na Zahidi Mgumi wa Lamu akarudisha. Watu walisubiri jibu kama tunavyosubiri leo msanii mmoja wa rap amjibu mwenzake.

Sasa angalia kilichofuata. Mwaka 1837 utawala wa Mazrui uliangushwa. Upande wa Muyaka ulishindwa. Miaka mitatu baadaye naye akafa. Hakuacha kitabu kilichochapishwa hata kimoja. Kwa hesabu za leo tungesema kazi imeisha.

Haikuisha, kwa sababu ilikuwa imehifadhiwa vichwani. Miongo kadhaa baadaye, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwenyeji wa Mombasa aliyeyajua mashairi hayo, aliyakusanya pamoja na mmishenari W. E. Taylor. Mwaka 1940 William Hichens akayatoa kwa jina la Diwani ya Muyaka, kule Johannesburg. Ni miaka mia moja kamili baada ya mshairi kuzikwa. Karne nzima mashairi yaliishi kwa sababu kulikuwa na watu walioona inafaa kuyakumbuka. Wasikilizaji wa Muyaka ndio waliokuwa kabati lake.

Songa mbele hadi Nairobi ya baada ya uhuru. Mwaka 1965 Taban lo Liyong aliandika makala akilalamika kwamba Afrika Mashariki ni jangwa la fasihi. Watu walikasirika, lakini lawama yake iliwasukuma wengi kushika kalamu. Wachapishaji nao walikuwepo, ila wakubwa kati yao walikuwa na mizizi London, na walichokitazama kwanza ni shule. Kitabu kilichoingia kwenye silabasi kiliuzwa. Kisichoingia kilipata vumbi. Wakati huohuo jiji lilikuwa linajaa vijana waliosoma kiasi: makarani, mataipisti, walimu, polisi, makondakta. Walijua kusoma Kiingereza na walikuwa na shilingi kidogo mwisho wa mwezi. Nani alikuwa anawaandikia hao?

Mmoja wao alikuwa David Maillu, mtu wa Ukambani, mzaliwa wa 1939, aliyekuwa akifanya kazi ya michoro katika Sauti ya Kenya, shirika la utangazaji. Mwaka 1972 alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Comb Books. Mwanzoni alitoa kitabu cha methali za Kikamba. Kisha akafanya jambo ambalo waandishi wengi wa wakati wake wangeliona kama kujishusha: akachunguza watu wanataka kusoma nini. Walitaka kusoma kuhusu pesa, pombe, mapenzi, ndoa, wakubwa wa ofisini na kifo. Kwa kifupi, walitaka kujisoma.

Vikatoka vitabu vyembamba, vidogo, vya kubebeka. Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle mwaka 1973, After 4:30 mwaka 1974. Cha kwanza kinamhusu mfanyakazi wa serikali anayemaliza mshahara wake Nairobi kwa starehe huku familia ikimngoja kijijini. Cha pili ni mlevi akizungumza na chupa yake. Cha tatu ni sauti ya mwanamke taipisti, anayejua vizuri kinachoanza wakati saa za kazi zinapokwisha. Viwili kati ya hivyo viliandikwa kwa mistari ya kishairi. Soma hapo tena: mwandishi aliyetukanwa kwamba anauza uchafu alikuwa anawauzia makarani wa Nairobi mashairi, nao wakinunua kwa hiari yao, bila mtihani wala mwalimu.

Wasomi wengi walivikunjia uso. Maillu aliitwa mwandishi wa matusi. Lakini vitabu vilipita mkono kwa mkono, vikafichwa chini ya madawati, vikasomwa na watu ambao fasihi rasmi haikuwahi kuwasalimia. Na kama ni mali, mali ilikuwa yake. Aliandika, akachapisha, akauza mwenyewe. Leo tungesema alikuwa anajisimamia.

Mtu anaweza kuishia hapo na kusema, basi, siri ni kuwapa watu wanachotaka. Historia ya Maillu yenyewe inakataa. Kwanza, mwaka 1976 Tanzania ilipiga marufuku vitabu vyake. Soko moja lenye mamilioni ya watu likafungwa kwa tangazo la serikali, na haukupita muda mrefu Comb Books ikaanguka. Mwenye duka anaweza kuwa mjanja kiasi gani, lakini kama barabara ya kwenda dukani ni ya mwingine, akiifunga umekwisha. Sisi tunaoweka kazi zetu kwenye majukwaa ya kampuni za ng'ambo tunalijua hilo. Sheria ikibadilishwa usiku, asubuhi unaamka huna mtu.

Pili, Maillu mwenyewe hakutaka kubaki alipowekwa. Akiwa bado mwandishi wa vitabu vya mfukoni, katikati ya miaka ya 70, alitunga The Komon Man, shairi refu lenye juzuu tatu na kurasa zaidi ya elfu moja. Hakuna mchuuzi aliyemwomba kitu kama hicho. Mwaka 1991 akatoa Broken Drum, riwaya nyingine nene ya kurasa zaidi ya elfu. Mtu huyuhuyu aliyejua kabisa kwamba karani anataka kitabu cha kuingia kwenye mfuko wa shati, aliendelea kuandika vitabu vya kuzuilia mlango. Kwangu mimi hapo ndipo penye mtu. Soko lilimfundisha kuongea kwa lugha ya watu, lakini hakuliruhusu limwambie aongee kwa muda gani.

Karibu na wakati ambapo Comb Books inayumba, kilomita chache kutoka Nairobi kulikuwa na jaribio tofauti kabisa. Kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walitunga mchezo wa Gĩkũyũ, Ngaahika Ndeenda, pamoja na wakulima na wafanyakazi wa kijijini. Wanakijiji walirekebisha mistari, wakakosoa nyimbo, wakajenga jukwaa kwa mikono yao. Maillu aliwachunguza wasomaji kisha akaenda kuandika. Kamĩrĩĩthũ iliwaingiza ndani ya kazi yenyewe, kabla haijakamilika. Serikali iliufunga mchezo mwezi Novemba, na mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini Kamiti.

Humo seli, juu ya karatasi za choo, akaandika riwaya ya Caitaani Mũtharaba-inĩ. Ilipotoka mwaka 1980 ikasomwa kwa sauti nyumbani na kwenye baa, msomaji mmoja akiwa amezungukwa na wasikilizaji ambao wengine hawakujua kusoma. Kwa hiyo riwaya ikarudi kule kwa Muyaka: mtu mmoja anasema, wengi wanasikia, na neno zuri linaondoka na msikilizaji. Serikali ilikuwa imefunga jukwaa. Haikuweza kuwafunga wote waliokuwa wamejifunza kusikiliza.

Kisha miaka mingi ikapita ambapo mwandishi kijana wa Nairobi hakuwa na pa kupeleka kazi yake. Mwaka 2002 Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru, alishinda tuzo ya Caine kwa Discovering Home, kazi iliyokuwa imetolewa kwenye intaneti, mahali ambapo wakubwa wengi wa fasihi walikuwa bado hawapahesabu. Angeweza kuchukua jina, pesa na tiketi, akaondoka. Badala yake, yeye na wenzake wakaanzisha Kwani?, na toleo la kwanza likatoka mwaka 2003. Hata jina lilikuwa la mtaani, swali la mtu anayekataa kunyamazishwa. Ndani ya toleo hilo kulikuwa na Weight of Whispers ya Yvonne Adhiambo Owuor, na mwaka uleule ikashinda tuzo hiyohiyo. Fikiria: jarida jipya, halina historia, na hadithi moja kutoka humo inakwenda kusimama mbele ya dunia.

Wengi wetu tulioanza kuandika baadaye tumepita kwenye mlango ulioachwa wazi na watu hao. Na mlango huo haukujengwa kwa mtu mmoja kupigania wasomaji wake binafsi. Binyavanga alielewa kitu ambacho Maillu, peke yake na kampuni yake, hakuwa nacho: msanii mmoja akianguka, jarida lina wengine ishirini. Wasomaji waliokuja kwa ajili ya jina moja waliondoka na majina mengine matano.

Sasa turudi kwetu, tukiwa na simu mkononi na tarakimu zinazotutazama. Nini kiko hatarini? Si umaarufu tu. Kodi ya nyumba iko hatarini. Pia iko hatarini ile sehemu ya akili inayotunga, ambayo huchoka haraka sana ikiulizwa kila saa, umepata wangapi? Nimewaona wenzangu wazuri wakiacha kuchora, si kwa kukosa kipaji, bali kwa sababu walichora kitu kimoja kikapendwa, wakakirudia mara hamsini mpaka wao wenyewe wakakichukia.

Historia hii haitoi dawa ya kumeza mara tatu kwa siku, ila inaonyesha mambo ambayo yamewahi kufanya kazi hapa kwetu, katika mazingira magumu kuliko yetu. Muyaka aliwaendea watu walipo na kusema yanayowahusu, bila kuupunguza ufundi wa beti hata kidogo. Maillu alimheshimu karani kiasi cha kumuuliza anataka nini, kisha akajiheshimu kiasi cha kuandika pia asichoulizwa. Kamĩrĩĩthũ iliwapa watu kazi ya kufanya, na mtu aliyejenga jukwaa hasahau mchezo. Kwani? iliweka wasanii wengi chini ya paa moja ili upepo ukija usimkute yeyote akiwa peke yake.

Kwa hiyo kama leo una wasomaji thelathini, waangalie hao thelathini vizuri kabla ya kuwalilia elfu kumi ambao hujawaona. Ni akina nani? Wanafanya kazi gani? Ni mstari gani waliourudia kwa rafiki kwenye matatu? Kuna msanii mwenzako mwenye thelathini wake ambaye mnaweza kuunganisha nguvu? Halafu tenga saa moja ya siku isiyo ya mtu yeyote, uandike The Komon Man yako, hata kama mfuko wa shati hauitoshi. Muyaka hakuwahi kujua kama kutakuwa na diwani. Alijua tu nani alikuwa amesimama sokoni siku ile, akamwambia jambo ambalo mtu yule alishindwa kulisahau.