Kesi kuu za jinai na mazingira zilizopitia kwa viongozi wa mashtaka Pwani

KWA miaka mingi, kesi nyingi katika mahakama za mahakimu nchini ziliongozwa na maafisa wa polisi, nao mawakili wa serikali wakahudumu chini ya Mwanasheria Mkuu. Katiba ya 2010 ilibadilisha hali hiyo. Kifungu cha 157 kiliunda afisi huru ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, DPP, ambayo haiamrishwi na yeyote katika kuanzisha kesi.

Katika ukanda wa Pwani, afisi hiyo imekabiliana na baadhi ya kesi nzito zaidi nchini. Zifuatazo ni nne kati ya zile zilizovuta macho ya umma.

Pembe za Tudor

Mnamo Juni 2014, polisi walinasa vipande 314 vya pembe za ndovu, vyenye uzani wa zaidi ya tani mbili, katika yadi ya magari mtaani Tudor, Mombasa. Mfanyabiashara aliyesakwa alikamatwa Dar es Salaam Desemba mwaka huo kwa usaidizi wa Interpol.

Alishtakiwa chini ya sheria mpya ya wanyamapori iliyoanza kutumika Januari 2014. Julai 2016 mahakama ya Mombasa ilimfunga miaka 20 na kumtoza faini ya Sh20 milioni, hukumu iliyosifiwa na wahifadhi kote duniani. Hata hivyo, Agosti 2018 Mahakama Kuu ilimwachilia huru ikisema ushahidi haukutosha. Ilidhihirika kwamba ukali wa sheria si kitu iwapo ushahidi una mianya.

Ndugu wa Akasha

Baktash na Ibrahim Akasha walikamatwa Mombasa Novemba 2014 kwa ombi la Marekani, iliyowataka kwa ulanguzi wa heroini. Kesi ya kuwahamisha ilivutwa kwa zaidi ya miaka miwili, hadi walipoondolewa nchini Januari 2017.

Walikiri mashtaka huko New York mwaka 2018. Baktash alifungwa miaka 25 mnamo 2019, naye Ibrahim miaka 23 mwaka uliofuata. Kilichoaibisha wengi ni maelezo ya waendesha mashtaka wa Marekani kwamba ndugu hao waliwahonga maafisa wa Kenya, wakiwemo majaji, viongozi wa mashtaka na polisi, ili kuchelewesha kesi hiyo.

Makaburi ya Shakahola

Machi 2023, mhubiri Paul Mackenzie alikamatwa kuhusiana na vifo vya watoto wawili, kisha akaachiliwa kwa dhamana. Mwezi uliofuata makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Hatimaye miili zaidi ya 400 ilipatikana, ya watu wanaodaiwa kuhimizwa wafunge hadi kufa.

Washukiwa walikaa rumande kwa miezi mingi bila kusomewa mashtaka. Januari 2024, hakimu wa Shanzu alitoa makataa ya siku 14, akionya kwamba wangeachiliwa. Ndani ya wiki chache wakashtakiwa kwa ugaidi Shanzu, kuua bila kukusudia watu 238 Mombasa, na mauaji ya watoto 191 Malindi. Walikanusha yote.

Risasi ya Owino Uhuru

Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwasumisha wakazi kwa madini ya risasi. Lakini mwaka 2012, aliyefikishwa kortini kwa uchochezi alikuwa mwanaharakati Phyllis Omido, aliyeongoza maandamano dhidi ya kiwanda hicho. Mahakama ilimwondolea lawama, nacho kiwanda kikafungwa 2014.

Wakazi walitafuta haki wenyewe kwa kesi ya kikatiba. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliagiza walipwe Sh1.3 bilioni, na Sh700 milioni zaidi zitumike kusafisha udongo iwapo agizo la usafishaji lingepuuzwa. Mahakama ya Rufaa ilitengua tuzo hiyo 2023, kabla ya Mahakama ya Juu kuirejesha Desemba 2024.

Funzo

Kesi hizi zinaonyesha kuwa DPP hutegemea kazi ya wengine: polisi wachunguzi, maafisa wa wanyamapori, wataalamu wa maabara na mashahidi wanaojitokeza licha ya hofu. Kielelezo kikihifadhiwa vibaya au shahidi akinyamaza, kesi huporomoka.

Aidha, uhuru wa kuamua nani ashtakiwe ni dhamana kubwa. Mnyonge hupima haki kwa jambo moja: kama mwenye kiwanda naye huitwa kizimbani upesi kama anayelalamikia moshi wake.