Mji wa Kituo: Pangani na Bweni katika Historia ya Pwani ya Kaskazini mwa Tanzania

Utangulizi

Mji wa Pangani uko takribani kilomita 50 kusini mwa jiji la Tanga, mahali ambapo Mto Pangani huingia katika Bahari ya Hindi baada ya kusafiri karibu kilomita 500 kutoka miteremko ya Kilimanjaro na Meru. Makao makuu ya wilaya, hospitali na soko vimo ukingo wa kaskazini. Ng'ambo, chini ya kilima, kiko kijiji cha Bweni, ambacho kwa maisha ya kila siku ni kitongoji cha mji huo. Mwenye mgonjwa, mwenye samaki wa kuuza na mwenye shauri la ofisini, wote huvuka mto kwa kivuko.

Katika vitabu vya historia, Pangani hutajwa zaidi kwa sababu ya vita vya Abushiri bin Salim vya mwaka 1888 na 1889. Masimulizi hayo ni ya haki, lakini huufanya mji uwe na historia ya miezi michache tu, na humwachia msomaji dhana kwamba ulidorora kwa sababu ulishindwa vitani. Makala haya yanatoa hoja tofauti. Pangani iliinuka kwa kuwa mto uliwalazimu watu na mali kusimama hapo. Ikadorora pale njia kuu ilipopata mahali pengine pa kusimama. Aidha, hoja hiyo haiwezi kuonekana vizuri bila kuzitazama kingo zote mbili za mto.

Mahali pa kushusha na kupakia

Richard Burton na John Speke walipofika Pangani mapema mwaka 1857, mji ulikuwa chini ya himaya ya Sultani wa Unguja, na juu zaidi mtoni, huko Chogwe, palikuwa na kituo cha askari wake wa Kibaluchi. Kutoka hapo wasafiri hao walipanda hadi Vuga, Usambara, kuonana na Kimweri ye Nyumbai. Njia waliyoifuata inaonyesha kazi ya mji. Mto haukuwa barabara ya kufikia bara, kwa kuwa maporomoko ya karibu na Hale huzuia vyombo. Upande wa bahari nao, fungu la mchanga mlangoni mwa mto liliruhusu majahazi yaliyosubiri maji kujaa, wala si meli kubwa. Basi Pangani ilikuwa mahali ambapo jahazi lilikomea na mguu wa mpagazi ukaanza safari. Misafara ya pembe za ndovu ilikwenda na kurudi kati ya mji huo na nchi za Wapare, Wachaga na Wamaasai, na kila msafara ulihitaji nguo, shanga, chakula, mikopo na watu wa kubeba.

Kuanzia miaka ya 1860, faida ya misafara ilifuatwa na faida ya miwa. Wenye mashamba, wengi wao wakiwa Waarabu wenye asili ya Omani, walifungua mashamba kandokando ya mto na kuyaendesha kwa kazi ya watumwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1995, Jonathon Glassman anaonyesha kwamba mashamba hayo yalikuwa uwanja wa mapambano makali. Katika miaka ya 1870 watumwa waliasi, na watoro wakajenga makazi yao Kikogwe, kusini mwa mto, wakayalinda dhidi ya waliokuwa mabwana wao. Ukingo wa kusini, kwa hiyo, haukuwa upande wa nyuma wa mji. Kwa baadhi ya watu, huko ndiko uhuru ulikotafutwa.

Mwaka 1888 na swali la nani ni mwenyeji

Mkataba wa Aprili 1888 baina ya Sultani Khalifa bin Said na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki uliipa Kampuni haki ya kusimamia pwani na kukusanya ushuru wa forodha. Kwa mji ulioishi kwa mali inayosimama, forodha ilikuwa ndiyo roho yake. Mwezi Agosti, wakala wa Kampuni, Emil von Zelewski, alitaka bendera ya Kampuni ipandishwe. Askari wa manowari ya Kijerumani walishuka mjini katika siku za Idd el-Haj, wakaingia msikitini, na mlingoti wa bendera ya Sultani ukakatwa. Wenyeji waliwazingira mawakala wa Kampuni hadi Septemba, walipookolewa na Lloyd Mathews, kamanda wa jeshi la Sultani.

Glassman anasisitiza kwamba waliojaa mitaani hawakuwa wafuasi wa Abushiri peke yao. Walikuwamo wapagazi, watumwa na watu wa bara waliokuwa wakidai nafasi kamili katika maisha ya mji, na madai yao hayakulingana daima na ya majumbe au ya wenye mashamba. Hermann von Wissmann aliutwaa mji mwezi Julai 1889, na Abushiri akanyongwa hapo Pangani tarehe 15 Desemba mwaka huo.

Reli na mkonge

Lau kushindwa huko kungetosha kuuangusha mji, Bagamoyo na Tanga, ambazo nazo zilipigwa, zingeanguka kwa namna ileile. Tofauti ilitokana na uamuzi mwingine. Mwaka 1893 ujenzi wa reli ulianza Tanga, yenye ghuba ya kina inayofaa kwa meli za mvuke. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911. Ikumbukwe kwamba Korogwe imo katika bonde la Mto Pangani wenyewe. Reli haikushindana na Pangani mlangoni mwa mto. Iliikata njia yake katikati, ikaipeleka mizigo ya bonde lilelile kwenye bandari nyingine.

Mwaka huohuo wa 1893, Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge iliyotoka Florida. Kati ya miche 1,000, ni 62 tu iliyopona, na ilipandwa Kikogwe. Hivyo, jina lililokuwa kimbilio la watoro katika miaka ya 1870 liligeuka, baada ya miongo miwili, kuwa chimbuko la zao lililokuja kutawala uchumi wa Tanganyika kwa kazi ya vibarua. Hata hivyo, utajiri wa mkonge ulifuata reli, nao mji uliouona mmea huo ukianza ukabaki pembeni.

Mto unaofanya kazi mahali pengine

Baada ya uhuru, mto uliendelea kuitumikia nchi mbali na mlango wake. Kituo cha umeme cha Hale kilianza kazi mwaka 1964, bwawa la Nyumba ya Mungu likafuata kabla ya muongo huo kwisha, na mwaka 1995 kikaja kituo kipya cha Pangani chenye megawati 68. Huku chini, maji ya chumvi yamekuwa yakipanda zaidi mtoni, kwa hasara ya wakulima wa kandokando.

Katika miaka ya 2020 limeanza kujengwa daraja la mita 525 baina ya Pangani na Bweni, likiwa sehemu ya barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo. Mgonjwa wa Bweni hatasubiri tena kivuko, na hilo ni jambo ambalo historia yoyote ya haki lazima ilipe uzito. Lakini kwa mara ya kwanza, msafiri wa pwani ataweza kuvuka mto huo bila kusimama.

Hitimisho

Reli iliondoa mizigo Pangani. Barabara italeta magari, ila haitayalazimu kukaa. Matokeo si lazima yafanane, kwa kuwa safari hii njia inapita mjini. Linalofanana ni kwamba kiini cha mji, yaani ulazima wa kusimama, kinaondolewa na uamuzi uliofanywa kwa mahitaji ya nchi nzima. Bweni, iliyokuwa ikiuhitaji mji kuliko mji ulivyoihitaji, huenda ikawa upande wenye ardhi na nafasi ya kukua. Kwa sababu hiyo, kumbukumbu za wavushaji, wachuuzi wa gatini na wazee wa ukingo wa kusini zinastahili kukusanywa sasa, wakati kivuko kingali kinawakumbusha jinsi mji wao ulivyoishi.