Mbiru na Msaragambo

Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka milimani hadi Same, makao ya wilaya, kuipinga mbiru. Jina hilo lilikuwa la ada ya kale ya watawala. Wakoloni, kwa werevu usiofaa, wakalivika kodi mpya ya kukadiria mali ya kila mtu, ili kuongeza fungu la hazina ya wenyeji. Kodi ya kiwango kimoja watu walikuwa radhi kuilipa. Kilichowaudhi ni makadirio ya mali zao. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao waliinuka. Mwaka 1947 mbiru ikafutwa. Watu hao hao, kwa msaragambo, walizibua ndiva, wakachimba barabara na kujenga madarasa, wala hapakuwa na mkadiriaji.